Honi ya Kona ya Mkaa

Gari lilipunguza mwendo lenyewe, likapiga honi, na Mama Ombeni akasema, "Haya. Asante."

Mikono yangu ilikuwa mapajani. Miguu nimeikunja nyuma kama mtu anayesubiri chai. Sikuwa nimegusa kitu, haki ya Mungu, na ukiuliza pale kiwandani watakwambia Aidani Mgaya ni mtu wa masihara lakini kwenye gari hatanii. Honi ililia mara tatu: mbili fupi, moja ndefu. Kisha gari likashuka gia moja, silinda sita zikanguruma kwa pamoja, tukaitoka Kona ya Mkaa kama jiwe lililotupwa na mtu mwenye hasira.

"Leo imechelewa kidogo," alisema Mama Ombeni.

"Labda umependeza, mama. Mtu kajisahau."

Alinipiga begani na kitambaa chake, lakini alikuwa anacheka. Nami nikacheka, huku nywele za kisogoni zimesimama. Zilikuwa zinasimama kila Ijumaa. Sikuwahi kumwambia mtu. Dereva wa majaribio anayeogopa gari ni sawa na mpishi anayeogopa kitunguu.

Kona yenyewe ukiiona mchana haitishi. Barabara ya majaribio inashuka kutoka kiwandani, inapita kwenye mikaratusi, inakata kulia. Kushoto ni bonde. Zamani wauza mkaa walipanga magunia yao hapo. Siku hizi hakuna anayepikia mkaa, pamebaki jina tu na udongo mweusi usiotaka kuota nyasi. Pembeni kuna jiwe lililopakwa chokaa. Hapo ndipo Eliuteri Sanga, mume wa Mama Ombeni, alipopasukiwa tairi la mbele akaenda na gari hadi chini.

Mimi niliajiriwa kujaza nafasi yake. Sikumjua. Nilipewa kabati lake, kiti chake, na ovaroli yake, ambayo stoo waliniambia ni mpya hadi nilipoivaa nikakuta jina SANGA limeshonwa kifuani. Wakaniita Mrithi. Nilivumilia. Kazi ya kulipwa ili uendeshe Radi haikutani na mtu mara mbili.

Huijui Radi? Wewe unaishi nchi gani? Miji yote sasa imejaa magari ya umeme yanayopita kimya kama friji zenye magurudumu. Kiwanda chetu peke yake ndicho bado kinatengeneza gari linalonguruma. Linakunywa haidrojeni, linatoa mvuke badala ya moshi, na ukikanyaga, mgongo unazama kwenye kiti hadi unahisi mshono wa ngozi. Mshono huo ni kazi ya Mama Ombeni. Yuko kitengo cha viti tangu kabla ya msiba, na kila Ijumaa mchana, akimaliza zamu, anakuja kupanda mzunguko wa mwisho. Hakuna aliyemruhusu. Hakuna aliyethubutu kumkataza.

Kwa sababu kiwanda kizima kilijua. Gari linapofika kwenye lile jiwe linatulia na kupiga honi bila kuambiwa. Mlinzi wa geti la chini alikuwa amehamisha kibanda chake. Watu wa rangi walisema ni Eliu. Watu wa injini, ambao wamesoma fizikia, walisema pia ni Eliu, ila kwa sauti ya chini.

*

Jumatatu Injinia Skola Ngonyani aliniita ofisini kwake. Ni mwanamke mrefu, mpole, anayeongea taratibu kama anayemwagia miche maji. Siku hiyo hakuniambia hata nikae.

"Unajua tuna malalamiko?"

"Ya nini, Injinia?"

"Magari ya wateja yanapiga honi. Siyo hapa, nchi nzima. Kona inayokata kulia yenye bonde kushoto, gari linapunguza mwendo, linapiga honi, linaendelea. Mteja mmoja kaleta mchungaji aliombee. Mchungaji kaweka mkono juu ya boneti."

"Ikawaje?"

"Injini ilikuwa ya moto. Kaungua."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akawasha skrini.

Ilikuwa picha iliyochukuliwa na kamera ya nyuma ya Radi moja nyekundu, kwenye barabara ya milimani nisiyoijua. Mvua. Nyuma yake kuna lori la mbao. Radi ikaingia kona ya kulia, ikapunguza mwendo ghafla pasipo na kitu mbele yake. Honi ikalia. Taa za lori zikajaa skrini nzima, na Injinia akasimamisha hapo.

"Ndani kulikuwa na baba na binti yake," alisema. "Mguu wa mtoto wameuokoa, ila hautakuwa kama wa zamani. Sikiliza tena."

Akarudisha. Pii. Pii. Piiiii.

Mbili fupi, moja ndefu.

Nilikaa bila kuambiwa. Mjomba wangu kule Njombe alikuwa anasambaza maziwa kwa pikapu, na kila akifika getini kwetu alfajiri alikuwa anapiga hivyo hivyo: mbili fupi, moja ndefu, ya mwisho akiivuta hadi mbwa wajibu. Nimekua nikiamka kwa honi ile. Nilipoanza kazi hapa, nikakuta madereva wenzangu wote wanapiga honi kwenye lile jiwe kumsalimia Eliu, kila mmoja mara moja, kwa adabu. Mimi nikaona adabu hiyo imepooza. Nikaweka ya kwetu. Gari lilipoanza kuipiga lenyewe, nilidhani Eliu ananijibu.

Inabidi nieleze hapa, la sivyo utaona napiga porojo. Kila Radi ina kichwa, kompyuta inayoliendesha gari dereva akitoa mikono, na kila siku vichwa vyote vinawasiliana na kupeana yaliyotokea barabarani: shimo jipya, kona inayoteleza, ng'ombe wa mtu. Kwenye karatasi mfumo huo una jina refu la kuchosha. Sisi tunauita Kijiwe, kwa sababu ni kijiwe kweli, magari yamekaa yanapiga soga. Sasa, gari haliwezi kumwamini kila dereva. Wengine wamepata leseni kwa kubahatisha. Ndiyo maana kuna sisi. Madereva wa majaribio tunaitwa walimu, na tendo moja la mwalimu linazidi matendo ya wateja maelfu. Mwalimu akifanya jambo mahali pale pale kila siku, Kijiwe hakiulizi kwa nini. Kinajua kuna sababu.

Na sababu ilikuwepo. Ila haikuwa barabarani.

"Nani anapiga honi namna hiyo?" aliuliza Injinia, ingawa macho yake yalikuwa yameshanijibia.

"Mimi."

Kumbe mzimu ule, miezi yote ile, ulikuwa unaongea kwa sauti yangu.

*

"Hatuwezi kutoa honi peke yake?" niliuliza.

"Umeshawahi kutoa chumvi kwenye mchuzi? Kupunguza mwendo, honi, namna ya kuingia, namna ya kutoka, vimeshaungana. Tunafuta kila kitu ambacho Kona ya Mkaa imewahi kufundisha. Halafu walimu mnaipita upya, mwendo kamili, kimya, hadi Kijiwe kiamini. Na kuanzia hapo honi marufuku."

"Kila kitu? Hata cha Sanga?"

"Sanga ndiye aliyeifundisha ile kona kuliko wote." Akashusha macho. "Lazima walimu wote mkubali. Mwalimu mmoja akikataa, kufuta hakupiti. Ndivyo tulivyojenga, ili wakubwa wasije wakafuta breki kwa ajili ya biashara. Na Mama Ombeni... utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

Nilisema nitamwambia mimi. Mdomo huu utaniua.

Nilianzia kwa Mzee Chengula, mwalimu mkuu, niliyemkuta kwenye matairi akipapasa moja kama anayenunua ng'ombe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mrithi. Mbona umepauka? Umemwona Eliu?"

"Nimejiona mwenyewe."

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Sikubali. Nimeendesha malori kabla baba yako hajamjua mama yako. Pale mwenzako alipolala unapiga honi. Usipopiga umemruka kama mbwa aliyegongwa. Kama gari linaniiga, liache liige. Limepata malezi."

"Kuna mtoto kavunjika mguu, Mzee."

Mkono wake ukasimama juu ya tairi.

"Kwa honi yetu?"

"Kwa kupunguza mwendo kwetu. Lori lilikuwa nyuma."

Aliliacha lile tairi. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo tumemvunja mtoto mguu kwa kumsalimia Eliu." Akajifuta mikono, vidole vyote, kimoja kimoja. "Mimi mjane akikubali, nimekubali. Lakini simwambii. Habari ya kwanza nilimpelekea mimi, nikiwa nimebeba viatu vya mumewe. Hii apeleke mwingine."

*

Kitengo cha viti kinanuka ngozi mpya na gundi. Mama Ombeni alikuwa ameinamia cherehani, miwani imeshuka puani. Njia nzima nilikuwa nimetunga uongo, tena mzuri: wakubwa wameamua, sisi hatuna kauli, Eliu atabaki mioyoni. Ulikuwa na vituo vya kuvuta pumzi na kila kitu. Nilimwamkia, akaitikia, akaninyooshea kiti kisicho na gari.

"Kaa. Una uso wa mtu aliyevunja sahani."

Uongo wote ukanitoka. Nikamwambia ukweli kama ulivyo: Kijiwe, walimu, pikapu ya mjomba. Nikamwambia kwamba ile honi ya Ijumaa haikuwa ya mumewe. Ilikuwa yetu, na zaidi ilikuwa yangu, mtu ambaye hakuwahi hata kumpa mkono.

Aliendelea kushona hadi mwisho wa mstari. Akakata uzi kwa meno.

"Eliu hakuwahi kupiga honi maisha yake," alisema.

"Mama?"

"Alikuwa anasema honi ni ya mtu aliyekosa breki. Siku ya harusi yetu msafara mzima unapiga honi, gari letu kimya kama limebeba jeneza. Mama yangu alinuna hadi kwenye keki." Akavua miwani. "Nilijua tangu Ijumaa ya kwanza kwamba ni ninyi."

"Sasa ulikuwa unakuja kusikiliza nini?"

"Kama bado mnampigia. Watu wanasahau, Aidani. Mwezi wa kwanza wanaleta mchele, mwezi wa tatu wanavuka barabara wasikusalimie. Nikawa nakuja nasikia, nasema haya, leo pia. Na hiyo yenye mbwembwe, nilipanda siku moja unaendesha mwenyewe nikaiona inavyotoka mkononi mwako. Nilicheka kwa ndani. Nikasema huyu hakumjua kabisa mume wangu."

Nilitaka kucheka, ikashindikana.

"Lakini kabla ya honi," alisema, na sauti yake ikabadilika, "gari likikaribia. Linasogea kulia kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake kitandani. Hiyo je?"

Ile nilikuwa naijua. Mwili wangu wote ulikuwa unaijua. Nilidhani ni kona.

"Ile ni yake," nilisema. "Ile tuliikuta."

"Nayo inafutwa?"

"Nayo."

Akageuza kile kitambaa chake mikononi, akakigeuza tena. Nje injini moja ilikuwa inapimwa, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka.

"Mwalimu mmoja akikataa hawawezi," nilisema. "Ukiniambia nikatae, nitakataa. Wanifukuze."

Nilimaanisha. Na hadi leo sijui kama nilikuwa nampa zawadi au nilikuwa namtupia mzigo.

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Sijui."

"Kajue kwanza. Usiniletee mtoto asiye na jina."

Nilipanda ofisini, nikashuka. "Anaitwa Yusta. Anachezea timu ya netiboli ya shule. Alikuwa anachezea."

Mama Ombeni alifumba macho. Ombeni wake, aliye shule ya bweni, nafikiri ana umri huo huo.

"Futeni," alisema. Kisha akawasha cherehani, kwa kelele nyingi kuliko ngozi ile ilivyohitaji, nami nikaondoka.

*

Walifuta Jumatano asubuhi. Hakuna kilichosikika, Injinia alibonyeza, akasubiri, akasema tayari. Nilitegemea angalau taa zipepese.

Nilipangwa wa kwanza. Nilishuka na Radi nyeusi, mikono juu ya usukani kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kwa sababu sasa gari lilikuwa halijui kitu. Ulihisi kabisa. Kwenye mikaratusi lilikuwa gari la siku zote, linajiamini. Lilipoiona kona likawa mgeni aliyeingia nyumba isiyo na mtu, anaita hodi, hodi. Usukani ukalegea mikononi mwangu, ukaniuliza.

Nikakanyaga. Sitakudanganya kwamba sikufurahi. Injini ilipaza sauti hadi kifua kikatetemeka pamoja nayo, matairi yakashika lami kama paka, jiwe jeupe likaja. Kidole gumba kikajiinua chenyewe kuelekea honi. Nikakikunja ndani ya ngumi. Nikasogea, nikakata, nikapita.

Kimya.

Sijawahi kusikia kimya chenye uzito ule, tena ndani ya kelele zote zile. Kilikaa kiti cha kushoto, kikafunga mkanda, kikarudi nami hadi kiwandani. Nyuma yangu akapita Mzee Chengula, kisha wengine. Hakuna aliyepiga. Mzee aliposhuka alikwenda moja kwa moja chooni, akafungulia bomba, likamwaga maji muda mrefu.

Alasiri Mama Ombeni alinikuta getini.

"Kuna gari lisilokwenda Kijiweni," alisema.

Lilikuwa uani kwake, chini ya turubai: saluni kuukuu ya Eliu, petroli, silinda sita, haina kichwa chochote zaidi ya cha dereva. Mzee Chengula alikuwa ameshafika na dumu la petroli, ile ya bei ya manukato inayouzwa kwa wapenda magari ya makumbusho, na alikuwa ananyunyizia kabureta kwa mikono ya mtu anayemwogesha mtoto. Likawaka jaribio la tatu. Jamani. Radi inanguruma vizuri, lakini ile ilikuwa inanguruma kwa kinyongo.

Tulipita mbele ya kiwanda, mimi kwenye usukani, Mama Ombeni kushoto, Mzee nyuma. Injinia Ngonyani alitokea dirishani, akatutazama, akashusha pazia.

Nilishuka polepole. Kwenye lile jiwe nikavuta pumzi, nikabonyeza honi kwa nguvu zangu zote, mbili fupi na moja ndefu, kwa ajili ya Eliuteri Sanga ambaye sikumjua.

Haikutoa hata kikohozi.

Nikabonyeza tena. Mama Ombeni alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa, mabega yanatikisika.

"Alitoa fyuzi," alisema, "siku ile ile aliyolinunua."

Mzee Chengula aliangua kicheko kwanza, kile cha kulia, kisha tukacheka wote hadi kioo kikapata ukungu. Tulipotulia Mama Ombeni alisema, "Rudi juu. Pita kama unavyopita. Usimpigie chochote."

Nikageuza, nikapanda, nikashuka tena, safari hii kwa gia ya tatu, injini imepata pumzi. Mikaratusi ikakimbia. Jiwe likaja. Na kabla sijaamua chochote mikono yangu ikasogea kulia, kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake kitandani.

Miezi yote ile gari lilikuwa linanipitisha hapo nikiwa nimekunja miguu, nikidhani silifanyi lolote wala halinifanyi lolote.

Mama Ombeni alikuwa ananitazama. Siyo usoni. Mikononi.

"Na asubuhi," aliuliza taratibu, "mbele ya hicho Kijiwe chenu, ulipita hivi hivi?"

Nilikumbuka usukani uliolegea, ukaniuliza. Nilikumbuka nilivyoujibu.

"Nadhani ndiyo. Kitakuwa kimeshaiga."

"Kimya, na hivi."

"Kimya, na hivi."

Aligeukia dirishani, upande wa bonde. Jina la watu lilikuwa linanikwaruza kifuani, pale liliposhonwa kwenye ovaroli.

"Haya," alisema Mama Ombeni. "Asante."

Hakuangalia upande wangu alipoyasema hayo, nami sikuitikia.